Kuchagua mashine ya meno ya kukatia nyasi: mwongozo kwa mwenye trekta Tabora

Mvua zinapokaribia kukatika, swali ni lile lile kutoka Igunga, Nzega, Urambo na Sikonge: "Nina trekta la hosipawa 50, slesha inasagasaga nyasi, ninunue mashine gani nikate majani ya ng'ombe ya kiangazi?" Muulizaji akiambiwa atafute mashine ya meno, yanafuata mengine. Urefu gani? Mpya au iliyotumika? Trekta langu litaiweza? Majibu nimeyapanga hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukifika kwa muuzaji uwe unajua unachokitafuta.

Mashine ninayoizungumzia ni ile yenye mkono mrefu wa chuma unaolala chini upande wa kulia, nyuma ya gurudumu la trekta. Ndani ya mkono huo kuna kisu kirefu chenye meno ya pembetatu, kinachokwenda na kurudi kati ya vidole vya chuma. Jino likipita kwenye kidole, shina linakatwa kama kwa mkasi, mara moja tu, na nyasi inalala nzima. Slesha hufanya kazi kwa kupiga: inaivunja nyasi vipande vipande, na majani laini yenye chakula cha ng'ombe huishia chini ambako reki haiwezi kuyaokota.

Faida kubwa ya pili ni nguvu inayohitajika. Mkono wa meno hutumia takribani kilowati 1.2 kwa kila mita ya upana, ilhali mashine ya visahani vinavyozunguka hutumia karibu kilowati 5 kwa mita. Kwa upana wa mita 1.8 hiyo ni hosipawa 3 hivi dhidi ya 12. Trekta la kawaida la mkulima linaiendesha mashine ya meno bila kuhema, na dizeli unaiona inavyobaki kwenye tangi.

Lakini mashine hii haivumilii shamba baya, na haivumilii mwenye nayo asiye na spea. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama utafurahi au utaiegesha chini ya mwembe, na ndiyo utakayoona nimeyarudia zaidi kuliko jina la kiwanda.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tepu ya mita na kamba ndefu.
- Vigingi vya miti na vitambaa vyeupe vya kuwekea alama shambani.
- Kitabu cha trekta, au fundi anayelijua trekta lako vizuri.
- Hesabu ya ekari unazotaka kukata na idadi ya watu utakaokuwa nao wa kukusanya na kufunga marobota.
- Namba ya simu ya duka la spea linaloweza kukutumia mzigo hadi Tabora, na ya fundi wa kuchomelea aliye karibu.
- Pesa ya spea, ikiwa imetengwa mbali na pesa ya mashine.

Hatua ya 1: Tembea shamba lote kwa miguu

Fanya hivi Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa zimeisha na kila kisiki kikionekana. Ukisubiri Machi utaona majani mazuri yaliyosimama, na chini yake hutaona kitu.

Kwetu maadui ni watatu. Wa kwanza ni visiki vya miombo. Shamba lililolimwa tumbaku miaka ya nyuma likaachwa, huwa na visiki vilivyokatwa usawa wa goti au chini ya hapo, vingine vimeshachipua. Kisiki cha unene wa kidole gumba mkono wa meno unaweza kukikata ukiwa na bahati. Cha unene wa mpini wa jembe kitavunja jino au kupinda kidole. Wa pili ni vichuguu vidogo, vile vya urefu wa kiganja ambavyo dereva havioni. Mkono unakipanda kichuguu, udongo mkavu unaingia kati ya kisu na vidole, na makali yanakwisha siku hiyo hiyo. Wa tatu ni waya: seng'enge zilizoanguka na nyaya zilizofungia mizigo.

Weka kigingi chenye kitambaa kila penye kizuizi. Ukimaliza simama pembeni utazame. Kama vigingi ni vichache na dereva anaweza kuvizunguka, endelea na mwongozo huu. Kama vimetapakaa kila baada ya hatua kumi, una njia mbili za kweli: kung'oa visiki na kusawazisha vichuguu kwanza, au kutafuta mashine ya visahani au ya madebe yanayozunguka, ambayo huvumilia vichuguu na nyasi zilizolala vizuri zaidi, mradi trekta lako lina nguvu za kutosha. Usijidanganye kwamba utaendesha polepole.

Wenye ngitili, yaani eneo la malisho linalohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, nawaomba wasikilize kwa makini. Ngitili imetunzwa ili miti na nyasi vikue pamoja, kwa hiyo machipukizi yamo kila mahali. Usiingize mkono wa mita mbili humo. Tenga kipande cha wazi pembeni kwa ajili ya kukata, na ngitili yenyewe iache ng'ombe wailishe kama ilivyokusudiwa.

Kwenye mbuga ya udongo mweusi angalia jambo la ziada. Mvua ikiwa bado ipo, trekta litazama. Udongo ukishakauka unapasuka na kubaki na mashimo ya kwato, na mkono utakuwa unarukaruka. Mbuga inayofaa ni ile iliyowahi kulimwa na kusawazishwa.

Hatua ya 2: Amua unakata nini hasa

Nyasi za Rhodes zilizopandwa ndizo zinazoipendeza mashine hii kuliko zote: shina jembamba, limesimama, shamba limelimwa. Kata zinapoanza kutoa maua.

Nyasi ndefu za asili, zile tunazoezekea nyumba, zinakatika vizuri pia. Hapa mashine ya meno haina mpinzani, kwa sababu shina linabaki refu na zima. Ukizitaka kwa ng'ombe, kata Aprili au mwanzoni mwa Mei kabla hazijageuka miti. Ukizitaka za kuezekea, subiri zikauke. Watu wengine hupata pesa ya kurudishia gharama ya mashine kwenye nyasi za kuezekea kuliko kwenye marobota.

Mabua ya mpunga yaliyobaki baada ya mavuno, kama kule Mwamapuli wilayani Igunga, yanakatwa bila shida ardhi ikishakauka. Nunua meno yenye makali ya msumeno kwa kazi hiyo. Kwa nyasi za kijani tumia meno laini unayoweza kuyanoa.

Mabingobingo na majani ya Guatemala yaliyokomaa yaache. Mashina yake ni manene na mashine itachoka haraka. Mazao yanayotambaa na kujisokota nayo huziba mkono wa kawaida. Kama unapanda mikunde ya malisho kwa wingi, soma habari ya visu viwili kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Lipime trekta lako

Massey Ferguson 240 na nyingine za hosipawa 45 hadi 50 zinatosha kabisa. Usiulize tu nguvu, uliza haya:

Kwanza, PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayopeleka nguvu kwenye mashine. Mashine nyingi za meno zinataka mizunguko 540 kwa dakika na shafti ya inchi 1⅜ yenye migongo sita, yaani matuta yaliyochongwa kuizunguka. Hesabu migongo kwa macho yako. Angalia pia kwenye saa ya resi ni wapi kuna alama ya 540. Trekta lenye saa mbovu lirekebishwe kwanza, maana ukiendesha kwa kubahatisha utavunja kisu au utakata vibaya.

Pili, klachi. Ukikanyaga klachi kubadili gia, je, PTO inasimama pamoja na magurudumu? Kama inasimama, kila ukisita kwenye nyasi nzito kisu kitasimama kikiwa kimejaa majani, na ukianza tena kitaziba. Trekta lenye klachi ya hatua mbili linaacha PTO izunguke magurudumu yakiwa yamesimama. Bila hiyo unaweza kufanya kazi, ila dereva lazima achague gia moja na kubaki nayo.

Tatu, pini za mikono ya nyuma ya trekta inayobeba mashine. Mikono hiyo ina madaraja: daraja la kwanza lina pini za chini za milimita 22, daraja la pili milimita 28. Zikipishana, zipo bushi za kupunguza tundu, na ni bei ndogo. Usikubali mtu akutanulie tundu kwa moto.

Nne, upana wa magurudumu. Pima kutoka katikati ya trekta hadi ukingo wa nje wa tairi la kulia la nyuma. Kiatu cha ndani cha mashine, yaani mwanzo wa mkono wa kukatia, lazima kianzie nje kidogo ya tairi hilo. Kikianzia ndani, tairi litakanyaga nyasi ambazo hazijakatwa. Magurudumu yaliyopanuliwa kwa kazi ya matuta ya tumbaku yanaweza kuhitaji kurudishwa ndani. Kipimo hiki husahaulika kuliko vyote, na ndicho kinachomfanya mtu alalamike kwamba "mashine ina kasoro" wakati ni nzima.

Tano, uzito. Mkono wote unaning'inia upande mmoja. Trekta jepesi lenye mkono mrefu hupepesuka kwenye mteremko, hasa mkono ukiwa umenyanyuliwa. Weka vyuma vya uzito mbele kama trekta lako linavikubali.

Mwenye pawatila asijione ametengwa. Kuna mikono mifupi ya meno inayofungwa mbele ya trekta la magurudumu mawili, na kwa ekari chache inatosha, mradi iwe imetengenezwa kwa aina ya pawatila uliyo nayo. Sehemu zote za makali nitakazozieleza ni zile zile.

Hatua ya 4: Chagua urefu wa mkono

Urefu unaopatikana sokoni kwa kawaida ni mita 1.5, 1.8 na 2.1, na mingine mirefu zaidi. Hesabu ni rahisi: upana kwa mita, zidisha kwa kasi kwa kilomita kwa saa, gawanya kwa 10, kisha punguza robo kwa ajili ya kugeuza na kusimama. Jibu ni hekta kwa saa.

Kwa kasi ya kilomita 6 kwa saa, mkono wa mita 1.5 unakata karibu hekta 0.68 kwa saa, yaani ekari 1.7. Wa mita 1.8 unakata ekari 2. Wa mita 2.1 unakata ekari 2.3 hivi. Kwa siku ya saa sita ni ekari 10, 12 na 14.

Sasa jiulize: una watu wa kugeuza, kukusanya na kufunga ekari 14 zikiwa zimekauka siku mbili tatu baadaye? Anayefunga marobota kwa mkono ndani ya sanduku la mbao hana. Nyasi zilizokatwa zikasubiri juani zinachujuka, na Aprili mvua ya mwisho inaweza kuzikuta chini. Kwa mashamba ya kwetu, yenye vichuguu na kona, ushauri wangu ni mita 1.5 au 1.8. Mkono mfupi unafuata ardhi vizuri zaidi, unapinda kwa shida, na una meno machache ya kununua: takribani 20 kwa mita 1.5 na 24 kwa mita 1.8, dhidi ya 28 kwa mita 2.1.

Hatua ya 5: Chagua namna kisu kinavyoendeshwa

Za fimbo. Gurudumu zito linazunguka na kusukuma kisu kwa fimbo ya mbao au chuma. Ni muundo wa zamani, unatikisika, una kelele. Lakini kila kitu kinaonekana na fundi wa kijijini anakielewa. Fimbo ya mbao ikivunjika, seremala anachonga nyingine kwa mti mgumu, mkavu, wenye nyuzi zilizonyooka na usio na fundo. Hiyo fimbo imewekwa ivunjike kabla ya vitu vya bei, kwa hiyo usimruhusu mtu aibadilishe kwa nondo.

Zisizo na fimbo. Kuna kisanduku cha gia kwenye mwanzo wa mkono kinachotikisa kisu moja kwa moja. Zinatikisika kidogo na zinaweza kufanya kazi mkono ukiwa umeinuka au kushuka kwenye kingo za mfereji. Kisanduku kikifa, huna cha kuchonga. Kiwe kizima, na spea zake ziwepo.

Za visu viwili. Visu viwili vinakwenda kinyume, bila vidole. Hazizibi kirahisi hata kwenye majani yaliyojisokota, na zinatulia. Zinataka kunolewa kwa uangalifu na mtu anayejua, na jiwe likigonga hakuna kidole cha kulikinga jino. Kwa anayeanza, hapa Tabora, singeanza nazo.

Ukinikuta sokoni na mashine ya fimbo iliyo nzima na isiyo na fimbo iliyochoka kwa bei moja, nitachukua ya fimbo.

Hatua ya 6: Kagua mashine iliyotumika

Nyingi utakazokutana nazo zimetumika Ulaya au Marekani, zimepigwa rangi mpya. Rangi isikuzuie kuona. Nenda na tepu, kamba, na fundi. Injini ya trekta iwe imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako mpaka nitakaposema.

1. Inama kwenye ncha ya mkono, funga jicho moja, utazame hadi mwanzo wake. Mkono uwe umenyooka. Uliopinda ukaacha mgongo au tumbo unaweza kunyooshwa kiwandani, lakini kisu hakitatulia kama zamani. Shusha bei sana au ondoka.

2. Tazama vidole vyote kwa mstari. Kilichopinda kidogo hunyooshwa kwa nyundo. Ndani ya kila kidole kuna kibati cha chuma ambacho jino linakatia juu yake. Kikague: ukingo wake uwe na kona kali. Ukiwa umeviringika, hata ukiweka meno mapya nyasi zitakuwa zinakunjwa na kutafunwa. Watu wengi hununua meno mapya mara mbili tatu kabla ya kugundua kwamba ubovu uko kwenye vibati.

3. Chomoa fimbo, uvute kisu kwa mpini wake. Kiteleze bila kukwama, na kisipande juu na chini. Vibanio vinavyokikandamiza vikae karibu sana na meno bila kuyabana, unene wa gamba la daftari hivi.

4. Rudisha fimbo, zungusha gurudumu zito kwa mkono polepole. Kisu kikifika mwisho wa safari yake upande wowote, ncha ya kila jino isimame katikati ya kidole. Ikisimama pembeni zaidi ya nusu sentimita, kuna kurekebisha. Muulize muuzaji inarekebishwa wapi. Asipojua, tafuta mwenyewe sehemu hiyo na uhakikishe haijaota kutu ikashikana.

5. Shika ncha ya mkono, isukume mbele na nyuma. Kucheza kidogo ni kawaida. Ikicheza sana, pini na bushi za bawaba zimekwisha. Bushi zinachongeka gereji, lakini ziingize kwenye bei.

6. Tafuta kifyatuo cha usalama. Mkono ukigonga kisiki, kifyatuo chenye springi kinaachia na mkono unarudi nyuma. Ukirudisha trekta kinyumenyume, unajifunga tena. Ukikuta kifyatuo kimechomelewa, usinunue mashine hiyo mpaka kirudishwe. Aliyekichomelea alichoka kufunguka-funguka, na kisiki kinachofuata kitaondoka na mkono mzima au na mikono ya trekta lako.

7. Angalia mkanda, puli na beringi. Zungusha kila puli usikilize. Kisanduku cha gia kisivuje oili. Nipeli zote za grisi ziwepo na zipitishe grisi.

8. Sasa washa. Watu wote wasimame nyuma ya trekta upande wa kushoto. Anza kwa resi ya chini, panda taratibu hadi 540. Mtikisiko upo, hasa kwenye za fimbo, lakini usiwe wa kugonga. Zima baada ya dakika tano, uguse beringi. Kama huwezi kuushikilia mkono wako hapo, beringi imekwisha.

Muuzaji akikataa mashine iwashwe, safari imeishia hapo.

Hatua ya 7: Tafuta spea kabla ya kulipa

Chukua jino moja, kidole kimoja na kibanio kimoja, uwapelekee picha na vipimo watu wa spea. Meno mengi yana upana wa milimita 76, yaani inchi 3, lakini umbali wa matundu ya ribiti na unene hutofautiana. Jino lisilolingana matundu halina kazi hata likiwa la bure.

Pamoja na mashine nunua: kisu kizima cha akiba, meno 10, vidole 4, ribiti za kutosha, fimbo moja na mkanda mmoja. Kisu cha akiba ndicho muhimu zaidi. Kimoja kinafanya kazi, kingine kinanolewa kivulini. Mwenye kisu kimoja anasimamisha trekta na vibarua kila makali yanapokwisha.

Kuhusu wakati wa kununua: maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Magharibi hapa Tabora ni mahali pazuri pa kuona na kuuliza, lakini Agosti nyasi zimeshakauka. Ione Agosti, ilipie ikufikie mapema kabla ya Machi, ili spea iliyokosewa ipate muda wa kubadilishwa. Mzigo wa kutoka Dar es Salaam kwa lori au kwa reli una siku zake.

Hatua ya 8: Funga na pima

Funga mikono ya chini, kisha toplinki, yaani mkono wa juu wa kati. Kaza minyororo ya pembeni ili fremu isiyumbe hata kidogo. Fremu ikiyumba, mkono mzima unayumba.

Propela, yaani shafti inayounganisha PTO na mashine, ipimwe. Mabomba yake mawili yaingiane angalau theluthi moja mashine ikiwa kazini, na yasigongane mwisho unaponyanyua. Ikiwa ndefu, kata kiasi kile kile bomba la ndani na la nje pamoja na kava lake. Kava la plastiki lisitolewe. Kanga, koti au kamba ya kiatu hushikwa na propela kabla hujapiga kelele.

Kisha kipimo cha kutangulia. Weka trekta kwenye ardhi tambarare, shusha mkono, vuta ncha yake nyuma ili uondoe mchezo wote. Nyoosha kamba sambamba na ekseli ya nyuma. Ncha ya nje ya mkono itangulie mbele kuliko mwanzo wake kwa sentimita 2 hivi kwa kila mita: karibu sentimita 3 kwa mkono wa mita 1.5, na 3.5 hadi 4 kwa wa mita 1.8. Ukiingia kazini, nyasi zinausukuma mkono nyuma na kisu kinanyooka na fimbo yake. Bila kipimo hiki kisu kinafanya kazi kikiwa kimepinda, na kichwa chake kitakatika.

Viatu vya pande zote mbili virekebishwe uache kisiki cha nyasi cha sentimita 7 hadi 10. Ukikata chini ya hapo Rhodes inachelewa kuchipua, na meno yanalima udongo. Toplinki inaamua kama vidole vinatazama juu au chini: anza vikiwa sawa na ardhi.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza shambani

Subiri umande ukauke. Paka oili kwenye kisu na grisi kwenye nipeli. Fukuza watoto, mbwa na wachungaji. Mkono umejificha ndani ya nyasi mita mbili kutoka kwa dereva, na ndama au mtoto aliyelala humo haonekani. Mtu mmoja atangulie kupita shambani kabla ya trekta.

Anzisha kisu nje ya nyasi, panda hadi 540, ndipo uingie. Kasi nzuri ni kilomita 5 hadi 8 kwa saa. Kama saa ya mwendo haifanyi kazi, pima mita 100: ukizipita kwa dakika moja unakwenda kilomita 6. Ukitaka kupunguza mwendo, shusha gia, usishushe resi. Kushusha resi ndiko kunakoziba.

Baada ya mizunguko miwili simama, zima, kaza nati zote. Mashine inayotikisika hulegeza nati, na siku ya kwanza hulegeza nyingi.

Onyo lisilo na mjadala: ikiziba, kanyaga klachi, toa PTO, zima injini, chukua ufunguo. Rudi nyuma kidogo kabla ya kuzima kama nafasi ipo. Toa majani kwa kijiti. Kisu kilichobanwa kinaweza kuruka ghafla jani la mwisho likitoka, na vidole vya mkono vilivyoko hapo havibaki.

Ukihama shamba, simamisha mkono wima, ufunge kwa chuma chake cha kushikilia, uvike meno ubao. Usitegemee haidroliki kuushikilia barabarani. Na kuanzia Juni nyasi zikiwa kavu, safisha majani yaliyokusanyika karibu na bomba la moshi na beringi, ubebe maji na koleo. Moto wa kiangazi hauulizi shamba ni la nani.

Ikisumbua

*Inaacha mstari mmoja wa nyasi zilizosimama.* Jino moja limevunjika au kidole kimoja kimepinda, tena usawa huo huo wa mstari. Kata ribiti kwa tindo, weka jino jipya, gonga ribiti mpya mpaka jino lisicheze.

*Inatafuna badala ya kukata.* Noa meno kwanza kwa tupa au grenda, ukifuata mteremko ule ule wa makali na bila kuchoma chuma kikawa buluu. Ikiendelea, shusha vibanio. Ikiendelea bado, ni vibati vya ndani ya vidole.

*Inaziba kila mara.* Umande, resi ndogo, au mwendo mkubwa. Kama nyasi zimelala, kata ukielekea upande zilikotokea, siyo zilikolalia. Angalia pia ubao wa ncha ya nje: kazi yake ni kusogeza nyasi zilizokatwa ndani, ili mzunguko unaofuata kiatu kipite pasafi. Ukipotea, kila mzunguko utakuwa unagombana na nyasi za mzunguko uliopita.

*Kisu kinakatika karibu na kichwa.* Pima upya kutangulia kwa mkono, kisha angalia boliti za fimbo. Kuchomelea kisu ni dawa ya kumalizia siku tu, agiza kingine.

*Kifyatuo kinaachia bila kugonga kitu.* Kisu butu au mkono umeshushwa mno. Vikiwa sawa, springi imelegea. Ikaze kwa kipimo cha kitabu cha mashine, zamu kidogo kidogo.

*Trekta linavutwa kulia.* Mkono unaegemea ardhini kwa uzito wote. Kaza springi ya kuubeba mpaka uweze kuinua ncha ya nje kwa mkono mmoja bila kuhangaika, lakini usiikaze hadi mkono uanze kurukaruka kwenye mabonde.